Jibu: Mama wa Gredi ya 2, usimwachilie vyote kwa mpigo

Dada, simamisha hiyo M-Pesa ya shule mpya kwanza. Umesema kijana wako ana miaka 7, yuko Gredi ya 2, akikosea hesabu analia, begi halifungiki mpaka yaya alifunge, na kwa hivyo mnamhamishia shule ya "mtoto anajiongoza", ya mtindo wa Montessori, upande wa Karen. Ukauliza karo, basi, sare, kama atarudi shule ya kawaida akifika Gredi ya 7, na kama aanze Januari au Mei. Nitafika huko, nikifika. Kilichonikurupusha ni sentensi uliyoitupia mwishoni: "Tangu Jumatatu tumeacha kumsaidia chochote, anachagua kila kitu mwenyewe, ili azoee." Ifute hiyo Jumatatu. Hakuna kosa ghali kuliko hilo, hata karo yenyewe haifui dafu.

Kujitegemea si tabia inayomshukia mtoto ukishaondoka chumbani. Kuna kukumbuka la kufanya, kulipanga, kulianza bila kusukumwa, kuvumilia pale katikati linapochosha, kugundua umekosea wapi, na kurekebisha. Mtoto aliyefanyiwa yote kwa miaka 7 hana hata moja kati ya hizo sita. Ukiondoa mkono siku moja, zote zinamwangukia siku hiyo hiyo, na anachojifunza ni kwamba hawezi. Wewe nawe wiki ya tatu utachoka, basi la shule limeshamwacha mara mbili, utarudi kwa kishindo kumfanyia kila kitu. Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Msaada unaokuja baada ya kilio kirefu, leo ndiyo kesho hapana, humfunza alie kwa muda mrefu zaidi. Afadhali aliyesaidiwa kila siku kuliko aliyeachwa ghafla kisha akaokolewa ghafla.

Tembea mjengo wowote hapo Kilimani uone. Nguzo za mikaratusi zinazoshikilia slabu haziondolewi siku zege lilipomwagwa, na zikiondolewa hazitoki zote kwa pamoja. Wanasaikolojia Wood, Bruner na Ross walipoandika mwaka 1976 kuhusu namna mkubwa anavyomsaidia mtoto kutatua jambo, walitumia picha hiyo hiyo ya jukwaa la mafundi: lipo, linashikilia, linapunguzwa kadiri kazi inavyosimama yenyewe.

Najua wazo la kuachilia mlipewa wapi. Kuna siku ya kutembelea shule, chai ya maziwa, zulia safi, na mtu mwenye sauti ya upole anayesema "sisi hatufundishi, tunamfuata mtoto." Sentensi hiyo imekula karo za watu wengi mji huu, na hao waliotuuzia hawapokei simu ukiuliza mtoto anafuatwa akienda wapi. (Ndiyo, nina uchungu. Msinitumie ushauri wa kusamehe.) Maria Montessori mwenyewe, daktari Mwitaliano aliyeanzisha mtindo huu, ambaye jina lake limechorwa kwenye malango mengi ya Nairobi, hakumwondoa mkubwa chumbani. Tangu alipofungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, vifaa vilichaguliwa na mkubwa, vikapangwa na mkubwa, na mtoto huchagua kati ya vile alivyokwisha kuonyeshwa namna ya kuvitumia. Chukua kile kipande cha mbao chenye mashimo 10 na vigingi 10 vya ukubwa tofauti vya kutumbukiza, kila kimoja na shimo lake. Ukikosea kigingi kimoja, cha mwisho hakiingii. Hakuna mwalimu anayesema "umekosea", mbao imesema. Uhuru wenyewe ndio huo, na umetengenezwa kwa makusudi. Jina nalo, mjue, kwa jumla halilindwi kama alama ya biashara. Mtu akinunua ile michemraba kumi ya waridi ya kupanga mnara na rangi ya ukuta, amefungua "Montessori".

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka moderata anifungie: mpe kazi moja, nzima, na ukishamkabidhi usiifanye upya.

Moja, kwa sababu ya zile sehemu sita. Kwa umri wake begi linatosha. Nzima maana yake kukumbuka ni kwake na kusahau ni kwake. Ukimkumbusha kila jioni "umefunga begi?", kazi umebaki nayo wewe, yeye ni kibarua wako tu. Halafu lihamishe begi lifungwe jioni baada ya chakula, kwa sababu asubuhi ya Nairobi haina nafasi ya mtu kujifunza lolote. Bandika ratiba ya wiki kwenye ukuta kwa urefu wa macho yake, si ya kwako, na vitu vyote vya begi vikae rafu moja ya chini. Kama huna rafu, fundi wa Kamukunji atakukatia ya mabati. Siku za kwanza fanya wewe, polepole, karibu bila maneno, yeye akitazama: soma ratiba, toa vya leo, weka vya kesho, kalamu, chupa ya maji, funga zipu, begi mlangoni. Ukianza kuhutubia huku unaonyesha, atasikiliza hotuba na mikono hataiona. Kisha fanyeni pamoja. Kisha afanye wewe umekaa hapo. Kisha afanye wewe uko jikoni. Usihesabu wiki, hesabu siku: siku nne mfululizo bila ukumbusho ndipo mnapanda ngazi. Akiteleza, shuka ngazi moja, usirudi mwanzo. Kazi ya pili isiingie mpaka ya kwanza imesimama wiki mbili. Muhula mzima ukiisha na kazi mbili au tatu zimekuwa zake kabisa, mmefanya vizuri sana, hata kama kwenye WhatsApp ya darasa kuna mtoto anayepika pilau.

Akikwama katikati, msaada uwe na mpangilio. Ngoja kwanza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano, na utaona jinsi kumi na tano ilivyo ndefu. Kisha uliza "umeshajaribu nini?" Kisha dokezo moja. Kisha mwonyeshe hatua inayofuata tu, na kama ni hesabu mwonyeshe kwenye karatasi yako, si kwenye daftari lake. Halafu arudie mwenyewe tangu mwanzo wa swali. Usimnyang'anye kalamu. Mzazi akishika kalamu, somo limekwisha.

Sasa "usiifanye upya", ambayo ndiyo inawashinda watu. Kakunja shati vibaya, liende kabatini vivyo hivyo. Ukilikunja tena usiku amelala, asubuhi ataliona, na amepata jibu kuhusu kazi yake. Kasahau daftari la hesabu: lisitumwe na boda. Najua nauli unayo na boda wa stejini mnajuana, lakini daftari likifika shuleni saa nne, kusahau kumekuwa bure. Zungumza na mwalimu wa darasa mapema ili mtoto apate tokeo la kawaida, kukosa alama ya siku hiyo au kuimalizia mapumzikoni, si kuaibishwa mbele ya wenzake. Aibu haimfunzi kufunga begi, inamfunza kuumwa tumbo Jumatatu. Chakula, dawa, sweta la Julai na usalama barabarani havimo kwenye mchezo huu, hivyo vinabaki mikononi mwa mkubwa.

Na hapa watu wanasahau yaya na shosho, yaani nyanya ya mtoto. Yaya akiona basi linapita saa kumi na mbili kasoro na begi liko wazi, atalifunga, na ana haki, kwa sababu unamlipa mtoto asichelewe. Mwambie mbele ya mtoto kwamba begi si kazi yake tena na kwamba hutamlaumu likisahaulika. Bila hiyo sentensi ya pili hatakuamini. Shosho akija, ficha ratiba na umuombe Mungu.

Kuhusu kulia akikosea: punguza wingi, usipunguze ugumu. Maswali matatu badala ya kumi, lakini ayakague mwenyewe kwa kinyume: 14 kutoa 6 ni 8, basi 8 jumlisha 6 inampa nini? Kosa aligundue yeye, kama ile mbao. Kifutio kaa nacho wewe, akikosea apige mstari mmoja, aandike pembeni, kosa libaki likionekana. Ukisifu, taja alichofanya: "umerudi ukaangalia makumi." "Wewe ni genius" humfanya aogope swali linalofuata, asije akaipoteza hiyo cheo. Na ile miradi ya CBC, mtaala wetu wa umilisi, CBE siku hizi, sote tunajua: mradi wa Gredi ya 2 unaong'aa umetengenezwa usiku na mtu mwenye kitambulisho cha taifa.

Shule sasa. Omba kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima, siku ya kawaida, si siku ya chai. Darasa la aina hii linahitaji karibu saa tatu mfululizo za kazi bila kengele. Likikatwakatwa vipande vya dakika 35, mtoto hachagui kitu, anahamishwa tu. Miaka 6 hadi 9 wanachanganywa, hivyo wako ataingia katikati ya wenzake waliozoea vifaa. Uliza nani atamrudisha kwenye aliyoyakosa. Omba kuona rekodi ya mtoto mmoja, jina limefunikwa: alionyeshwa nini, amekifanya mara ngapi, kinachofuata ni nini. Kama rekodi ni picha za simu, ondoka. Kisha uliza: mtoto asiyegusa hesabu wiki mbili, mnafanya nini? Wakijibu "tunamsubiri awe tayari" wakanyamaza, beba mkoba wako. Wanaojua kazi watakwambia wanamwalika, wanabadilisha kifaa, na akiendelea kukwepa wanaketi naye kwa mpango wa wiki wenye hesabu ndani yake.

Hasa uliza kuhusu kusoma. Kiswahili mtoto anaweza kukinasa mwenyewe akishaonyeshwa silabi, kwa sababu herufi haibadilishi sauti yake. Kiingereza hapana. Sauti zake hufundishwa waziwazi, kwa mpangilio, kila siku. Shule inayosubiri mtoto ajigundulie tahajia ya Kiingereza inakuandalia tuisheni ya Gredi ya 4.

Akihamia, wiki za kwanza atazurura na kurudia vitu rahisi. Usipige simu ofisini bado. Tazama kama anaporudia anafanya kwa umakini zaidi na muda mrefu zaidi, hiyo ni nzuri. Kama anagusa na kuacha, anagusa na kuacha, mwalimu aingilie.

Kurudi Gredi ya 7: uliza kama wanafuata mtaala wa Kenya au wa nje, na kama wanasajili watoto KNEC, baraza la mitihani la taifa. Nafasi ya Gredi ya 10 hupangwa kwa tathmini za kitaifa na za shuleni: KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20. Kwa hiyo kama hawasajili na unataka arudi, arudi kabla ya Gredi ya 6, si ya 7.

Basi na sare, walio na watoto upande huo watakujibu. Karo nayo, usiangalie ile namba ya muhula pekee, soma fomu: ada ya kujiunga ambayo mara nyingi hairudishwi, amana, na kifungu cha notisi. Shule nyingi za kibinafsi hutaka notisi ya muhula mzima au ulipe muhula huo hata kama mtoto hayupo. Fungua fomu ya shule mliyoko sasa uone. Kama kifungu hicho kimo na hukuandika barua kabla ya muhula huu kuanza, Januari utalipa shule mbili, na swali lako la Januari au Mei limejijibu.