Kabla hujainyamazisha jenereta, ijue njia ya spika yako

Nyumba ya bibi yangu ipo Mkunazini, Mji Mkongwe. Umeme ukikatika, jirani huwasha jenereta kichochoroni, na mngurumo wake huingia dirishani mpaka kitandani kwa bibi. Ukuta wa mawe ni mnene, lakini dirisha nani atalifunga kwa joto lile? Nikaamua kuuzima mngurumo kwa sauti nyingine: maikrofoni moja nje, spika karibu na mto, maikrofoni ya pili usawa wa sikio, na kompyuta ndogo.

Wazo hili ni kongwe. Paul Lueg, Mjerumani, alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Wimbi likipanda, lako lishuke, yafutane. Kazi hiyo niliipa LMS, algorithimu (kanuni ya hesabu ya kompyuta) ya Widrow na Hoff ya 1960, ambayo husikiliza sauti iliyobaki sikioni na kujirekebisha kidogo kidogo ili izidi kupungua.

Basi spika ikapiga ukelele, bibi akaziba masikio. Wiki nzima nikawa napunguza hatua ya marekebisho. Ukelele ulichelewa tu, haukukoma.

Ndugu yangu, usipoteze wiki kama mie. Sauti yako hupita kwenye ampilifaya, spika na hewa ya chumba kabla ya kufika sikioni, na njia hiyo huichelewesha. Algorithimu isiyoijua huongeza pale inapodhani inapunguza. Tumia FxLMS, ndugu yake LMS, ambayo huipitisha kwanza sauti ya maikrofoni ya nje kwenye kielelezo cha njia hiyo, yaani makadirio ya jinsi njia inavyoibadili sauti. Kielelezo kikikosea fezi (pale wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake) kwa chini ya digrii 90, na ukaenda polepole, mfumo hutulia.

Kielelezo hicho kipime jenereta ikiwa imezimwa: toa spikani mchakarisho kama wa redio isiyokamata stesheni. Mlango uache kama utakavyokuwa usiku. Mie nilipima umefungwa. Bibi alipoufungua, mfumo ukayumba.

Usitarajie kuzima kila kitu. Utulivu huenea kuizunguka maikrofoni ya pili kiasi cha sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi: kwa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) ni kama sentimita 34, kwa hezi 1,000 ni tatu na ushei. Shughulika na mvumo mzito. Milio myembamba ya mabati iachie pamba ya masikio.

Bibi sasa hulala. Ila akigeukia ukutani huusikia tena mngurumo, kwa hiyo juzi nimeihamishia maikrofoni ya pili upande huo wa mto.