Maswali ya Wasomaji: Muuguzi na Dozi Inayostahili Kuzuiwa

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu utoaji wa dawa kwa wagonjwa wa dharura na mahututi. Barua nyingi zimetoka kwa wauguzi wenyewe, na chache kwa ndugu wa wagonjwa. Majina tumeyahifadhi.

Sista, shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Usiku mmoja nilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba aliyetakiwa kupata dozi ya kuendeleza ya magnesiamu salfeti. Nilipompima niliona mkojo ni kidogo mno, nikampigia daktari simu kabla ya kuchoma sindano. Mwenzangu wa zamu aliniambia kwamba daktari akishaandika, kazi ya muuguzi ni kutoa, na kwamba kuchelewesha dozi ni kosa. Je, nilikosea? (Muuguzi mkunga, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Ulifanya kile ambacho mwongozo wa dawa hiyo unakutaka ufanye, na ningependa mwenzako pia aisome sababu yake, kwa kuwa maneno aliyokuambia husikika katika wodi nyingi na wanaoyasema huwa na nia njema.

Agizo la daktari hufuata hali ya mgonjwa jinsi ilivyokuwa wakati agizo linaandikwa. Saa 4 baadaye mgonjwa huyo anaweza kuwa na hali nyingine kabisa, na mtu pekee anayeweza kulijua hilo kwa wakati ni yule aliyesimama kando ya kitanda chake akiwa na sindano mkononi. Kwa hiyo muuguzi hana budi kuuliza swali jingine zaidi ya lile la kama dawa imeandikwa: je, mgonjwa huyu, kwa hali aliyo nayo sasa hivi, anastahili kuipata? Kuzuia dozi ni sehemu ya kazi ya muuguzi sawasawa na kuitoa.

Magnesiamu inalionyesha jambo hili kuliko dawa nyingine ninazozijua. Manufaa yake hayana shaka. Matokeo ya utafiti mkubwa yaliyotolewa mwaka 1995 yalionyesha kwamba inazuia degedege lisijirudie kwa wenye kifafa cha mimba vizuri zaidi kuliko dayazepamu na fenitoini, ambazo nazo ni dawa za degedege, na mwaka 2002 utafiti mwingine uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba inapunguza karibu kwa nusu hatari ya mama mwenye dalili za awali kuingia katika kifafa chenyewe. Lakini dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na kifafa cha mimba ni ugonjwa unaozidhoofisha figo hizohizo. Mkojo ukipungua, dozi ya kwanza haijaondoka vya kutosha, nawe ukiongeza ya pili juu yake kiwango katika damu kinapanda. Kwanza mwili hupoteza mwitikio wa goti, kisha pumzi hupungua hadi kukoma, na mwisho moyo husimama.

Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendeleza tunapima mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mguu urushe unapogonga chini ya kisahani cha goti, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi husubiri. Kupima mkojo maana yake ni mpira wa mkojo uliowekwa mapema na mfuko unaosomwa kila saa, si kukadiria kwa macho kutoka mlangoni. Pumzi nazo zihesabiwe kwa dakika nzima, kwani mwenye pumzi chache anaonekana tu kama mtu aliyelala vizuri. Na kabla ya kuchoma dozi ya kwanza kabisa, kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga sumu ya magnesiamu, gramu 1 yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe karibu na kitanda pamoja na mfuko wa kupulizia hewa. Ufunguo wa kabati la dawa ukiwa kwa mtu aliyeondoka zamu, dawa hiyo ni kama haipo.

Jambo jingine la wodi ya wazazi linaloniumiza kila ninapolikuta ni kuhesabu kwa ampuli. Msambazaji mmoja analeta ampuli ya mililita 10 yenye gramu 5, mwingine analeta ya mililita 2 yenye gramu 1, na zote zimeandikwa asilimia 50. Muuguzi aliyezoea za aina moja akipokea nyingine anaweza kukosea mara kadhaa ya dozi bila kuhisi lolote. Hesabu kwa gramu. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, yaani mililita 8 za asilimia 50 zikichanganywa na mililita 12 za maji ya sindano ili upate mililita 20 za asilimia 20, nayo huingizwa polepole, isipungue dakika 5.

Mwenzako naye ana sehemu yake ya ukweli. Dozi inayocheleweshwa bila sababu humwacha mama katika hatari ya degedege jingine, kwa hiyo kuzuia kunatakiwa kuambatane na kazi. Mpigie daktari papo hapo, endelea kupima, kisha andika katika faili saa, kiasi cha mkojo, idadi ya pumzi, uliyemweleza na alichojibu. Nafasi iliyoachwa wazi katika chati ya dawa haimwambii wa zamu inayofuata kama dozi ilizuiwa kwa makusudi au ilisahauliwa, naye anaweza kuitoa.

Usiku daktari wetu anahudumia wodi tatu na mara nyingi anatoa maagizo kwa simu. Naogopa kumkatalia na naogopa pia kukubali. Nifanyeje? (Muuguzi, Kakamega)

Agizo la simu likubalike pale tu ambapo kumsubiri daktari kutamdhuru mgonjwa na utaratibu wa hospitali yenu unaruhusu. Liandike unapolisikia, si baada ya kukata simu, kisha msomee daktari ulichoandika: jina la mgonjwa, dawa, dozi pamoja na kipimo chake, njia ya kuitoa na muda. Ikiwezekana muuguzi wa pili asikilize. Daktari akija, aweke sahihi.

Kipimo ndicho kinachopotea zaidi. "Mpe adrenalini nusu" ni agizo ambalo halijakamilika, kwa sababu nusu inaweza kuwa nusu miligramu, nusu ampuli au nusu mililita. Katika ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 zote tatu zinalingana, na hilo ndilo hutuzoesha vibaya. Adrenalini hiyohiyo ikishachanganywa hadi mililita 10, nusu mililita inakuwa sehemu ya kumi tu ya dozi iliyokusudiwa. Uliza pia njia. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali anachomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, ilhali aliyesimama moyo anapewa miligramu 1 mshipani.

Kwa insulini, andika neno "yuniti" lote, kwani herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 10 zikawa 100. Tumia bomba la insulini lenyewe. Andika 0.5 na kamwe usiandike .5, wala usiweke nukta na sifuri baada ya namba kamili. Daktari akikasirika kwa kuulizwa, vumilia hasira yake, lakini usitoe dawa ambayo hujaielewa.

Mimi na mwenzangu tulitayarisha atesuneti kwa mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. Yeye alipata mililita 2 na mimi 4, kichupa ni kilekile cha miligramu 60. Nani alikosea? (Muuguzi, Kigoma)

Huenda hakuna aliyekosea, ila mlikuwa mnatayarisha dawa kwa njia mbili tofauti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 12 anahitaji miligramu 36. Unga ukishayeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, kwa sindano ya mshipani unaongeza mililita 5 za salaini au za glukosi ya asilimia 5, na kila mililita inakuwa na miligramu 10: dozi ni mililita 3.6, inayokuzwa kuwa 4. Kwa sindano ya msuli unaongeza mililita 2 tu, kila mililita inakuwa na miligramu 20, na dozi ni 1.8, inayokuzwa kuwa 2.

Hatari inaanzia pale mmoja anapochanganya kwa njia ya msuli, anaitwa, na mwingine anakuja kuvuta dozi kwa hesabu ya mshipani. Mililita 4 za mchanganyiko wa msuli zingekuwa na miligramu 80 badala ya 36, na kwa kuwa mchanganyiko mzima wa kichupa kimoja ni mililita 3 tu, angelazimika kufungua kichupa cha pili; hapo ndipo angepaswa kushtuka. Aliyechanganya avute mwenyewe, achome mwenyewe na aandike mwenyewe. Akilazimika kuacha, bomba liwe na karatasi yenye jina la mtoto, dawa, miligramu kwa mililita na saa, kwani dawa hii isitumike baada ya saa moja tangu ichanganywe.

Mlivyohesabu kila mmoja peke yake ndivyo inavyotakiwa. Ukimwambia mwenzako "nimepata mililita 2, si ndiyo?", umeshampa jibu na atakuitikia. Kuhusu kuitwaitwa, uchunguzi katika hospitali mbili za Sydney, Australia, uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kila muuguzi alipokatizwa wakati wa kutoa dawa, makosa ya kitabibu yaliongezeka kwa takriban asilimia 13. Najua wodi zetu zina muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo, mkuu wa wodi anaweza kupanga kwamba saa ya dawa simu ipokelewe na mtu mwingine, na ndugu wa wagonjwa wakaelezwa wasubiri.

Salaam aleikum. Mama yangu amelazwa, na kila dawa inapotolewa nesi anamuuliza jina lake, hata mara tatu kwa siku, ilhali wanafahamiana. Mama anaona anadharauliwa. Pia tulimpa vidonge vyake vya presha vya nyumbani kwa siri kwa sababu hatukuona akipewa. (Binti, Mombasa)

Waaleikumu salaam, dada. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba nesi huyo anamlinda. Wagonjwa huhamishwa vitanda, na si ajabu akina Mwanaisha wawili kulala vitanda jirani. Tunamtaka mgonjwa alitaje jina mwenyewe, kwa sababu mwenye homa au usingizi akiulizwa "wewe ni Mwanaisha?" anaitika tu.

Kuhusu vidonge, nakuomba umweleze nesi leo hii, bila hofu. Huenda daktari alivisimamisha kwa makusudi kwa sababu presha ya mama imeshuka au figo zimelegea, au pengine anapewa dawa ileile yenye jina jingine la kibiashara, na hapo amepata dozi mara mbili. Peleka pakiti zote, pamoja na dawa za kienyeji anazotumia, zionekane kwa macho. Kama kweli dawa ilisahauliwa alipolazwa, hilo nalo litajulikana, na utakuwa umewasaidia.

Nilikuta ampuli za potasiamu kloraidi zimewekwa kwenye trei moja na maji ya sindano. Nilikuwa nimeshashika moja kabla ya kusoma lebo. Hakuna aliyedhurika. Nitoe taarifa, au nitaonekana mchongezi? (Muuguzi, Tanga)

Toa taarifa leo. Ampuli ya mililita 10 ya potasiamu kloraidi ya asilimia 15 ina milimoli 20, na ikisukumwa moja kwa moja mshipani inaweza kusimamisha moyo kabla hujafika kwa daktari. Dawa hiyo ni lazima ichanganywe vizuri ndani ya dripu na iingie polepole, kwa kawaida ya wodi isizidi milimoli 10 kwa saa. Wewe ulisoma lebo. Wa zamu ya usiku, mwanga ukiwa hafifu, huenda asisome. Taarifa yako haimtaji mtu, inataja trei.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa yanayoweza kuepukika, lengo likiwa kuyapunguza yale makubwa kwa nusu katika miaka 5, liliweka mkazo kwenye mifumo ya kazi kuliko kumwadhibu mtu mmoja mmoja. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa bado kuna wakuu wa wodi wanaomfokea anayeripoti, na matokeo yake ni kwamba hawaambiwi tena.

Andika ulichokuta, saa na mahali, umpe mkuu wa wodi na mfamasia, na uombe potasiamu iondolewe kwenye trei za wodi au ifungiwe mahali pake yenye alama ya onyo. Siku ambayo dawa itakuwa imeshamfikia mgonjwa, utaratibu unabadilika: mhudumie mgonjwa kwanza, mwite daktari, kisha ndipo uandike. Na dawa iliyotolewa ipasavyo ikileta madhara, jaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya, fomu ya njano hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na ipo nyingine ya rangi ya waridi kwa dawa yenye ubora wa mashaka, kama iliyobadilika rangi au yenye chembechembe. Katika hali hiyo usiitupe ampuli wala boksi lake, kwani namba ya toleo iliyochapwa pale ndiyo itakayowezesha dawa hiyo kufuatiliwa katika vituo vingine.