Mwanangu, kinga yangu na viungo vyangu

Binti yangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu: "Mama, kama kinga yako ina nguvu hivyo, mbona daktari anakupa dawa ya kuishusha?" Mtandao ukakatika, basi nakuandikia.

Baridi yabisi ya aina yangu haikuletwa na kufua usiku, kama wanavyosema shangazi zako. Kila kiungo kina utando mwembamba unaotoa ute wa kukilainisha. Seli za kinga ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kumtambua adui, zimeugeukia mwili wangu. Zimeziamsha wenzao, seli B, nazo zikatengeneza kingamwili, yaani protini za kumshika adui, lakini dhidi ya protini zangu mwenyewe. Kingamwili hizo huweza kuwamo damuni miaka kadhaa kabla kidole hakijauma. Baadaye seli nyingine za kinga, makrofaji, hujaa kwenye utando na kumwaga kemikali ya kuchochea uvimbe iitwayo TNF. Utando huvimba, hunenepa, kisha huanza kula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe. Ndiyo maana asubuhi nashindwa kufunga vifungo vya gauni mpaka jua lipande, na vifundo vya vidole ukivibonyeza vinabonyea.

Dawa yenyewe ya kuishusha kinga, methotreksati, naimeza mara moja kwa wiki. Ukija likizo, tafadhali usinipe kila siku kwa kunihurumia. Imeshaua watu kwa kosa hilo.

Mwaka 1992, huko London, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa dawa ya sindano ya kuzuia TNF, na viungo vilivyovimba vikatulia. Lakini mwanangu, TNF hiyohiyo ndiyo inayoyasaidia makrofaji kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ukiizuia, vinaweza kuamka. Kwetu TB ni nyingi, kwa hiyo daktari alitaka nipimwe kwanza kabla hata ya kuzitaja sindano hizo. Seli zinazoniumiza ndizo zinazonilinda, naye daktari anatafuta kipimo cha kuzituliza bila kuniacha wazi. Nilimpenda kwa uangalifu huo.

Sasa wewe. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na mtoto wa mgonjwa yuko hatarini zaidi, ingawa wengi hawaupati. Vidole vikivimba mikono yote miwili, na ukakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, wiki baada ya wiki, usijipake dawa ya kuchua ukangoja. Nenda upimwe damu mapema, kabla mfupa haujaliwa. Na sigara, hata hizo za mara mojamoja, ziache, zinaongeza hatari.

Mama yako