Dawa za vimeng'enya kwenye viti vya gari: kwa mnaoanza kazi Malindi

Kijana mgeni kwenye kazi ya kuosha magari hukimbilia brashi. Akiona damu ya samaki kwenye kiti cha Probox iliyotoka kupakia ufuoni, anamwaga maji ya moto na kusugua kwa nguvu zote. Maji ya moto huipika damu ikagandamana na nyuzi, na brashi inachakaza kitambaa cha watu. Dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazokata uchafu vipande vidogo, haitaki nguvu, inataka muda.

Soma kibandiko kwanza. Proteasi hukata protini: damu, maziwa, jasho, matapishi ya mtoto. Amilasi ni ya wanga kama uji, lipasi ni ya mafuta ya chakula. Grisi na oili ya injini tafutieni dawa nyingine.

Jaribu kidogo mahali pasipoonekana, kisha lowesha doa kwa sifongo yenye dawa iliyochanganywa na maji ya vuguvugu. Acha dakika 10 hadi 15, au kama kibandiko kinavyosema, na doa lisikauke, kwa sababu kimeng'enya hufanya kazi kwenye unyevu tu. Jua letu la saa saba linakausha kiti kabla hujageuka, kwa hiyo weka gari chini ya mwembe na ufunike doa kwa kitambaa chenye maji. Ukimaliza, futa kwa maji safi na uache milango wazi. Usichanganye na jiki, maana jiki huua vimeng'enya. Viti vya ngozi, sufu au hariri usiviguse nayo: hizo nazo ni protini, zitaliwa.

Nawasihi zaidi kuhusu vifua vyenu. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walieleza jinsi wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walivyopata pumu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya. Baadaye viwanda vikaanza kuvifungia ndani ya chembe ili visipeperuke. Ubaya wa vumbi hilo ni kwamba mwili unaweza kuvumilia kwa miezi, halafu ukaanza kukataa hata kiasi kidogo. Dawa ya unga usiimwage penye upepo wa kusi, wala usipulize dawa kama ukungu ndani ya gari lililofungwa. Vaa glavu, maana proteasi huwasha ngozi pia. Ukiona kifua kinabana au unakohoa siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, nenda hospitali mapema, na umwambie daktari unashika dawa gani.