Jibu: Sola kijijini imebadilisha nini zaidi ya taa?

Mkuu, umeuliza kama sola imebadilisha maisha vijijini au imeondoa kibatari tu. Kuondoa kibatari peke yake si kidogo: moshi wa mafuta ya taa unaharibu vifua, na mtoto akikiangusha usiku nyumba inaweza kuteketea.

Ila mimi naangalia zaidi nani anaheshimiwa kwa lipi. Chukua Zanzibar. Akina mama wa vijijini, wengine hawajui hata kusoma, walipelekwa India, kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kusomea ufundi wa sola kwenye chuo cha Barefoot alichoanzisha mwanaharakati Bunker Roy mwaka 1972. Walikaa miezi 6 na wenzao wa nchi nyingine wasioelewana lugha, wakajifunza kwa ishara na kwa rangi za nyaya. Baadaye kikafunguliwa chuo kama hicho Kinyasini, Unguja. Sasa taa ikigoma anaitwa bibi, na kijana ndiye anamshikia ngazi. Vijembe kutoka kwa wanaume havikosekani, lakini nao wanataka kuchaji simu!

Kinachonikera ni mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Usipolipa, inajifunga na mnalala gizani. Mkulima hela anaiona wakati wa mavuno, deni linamdai kila siku. Kama unafikiria kununua, muulize muuzaji kwanza: naweza kulipa kwa msimu? Na betri ikifa, fundi anatoka wapi? Akianza kubabaika, achana naye.