BMW, Honda, Yamaha au Harley: ipi ya safari ndefu ya watu wawili?

SWALI: Mimi na mke wangu tunatafuta pikipiki ya kusafiria, wakati mwingine kilomita 500 kwa siku tukiwa na mizigo. Urefu wangu ni sentimita 168. Nimebakiza BMW R 1250 RT, Honda Gold Wing, Yamaha FJR1300 na Harley-Davidson Road Glide. Nizilinganishe vipi?

JIBU: Nguvu farasi ziweke mwisho, kwa sababu zote nne zinazo za kutosha. Anza na mzigo. R 1250 RT yenye tangi lililojaa ina kilo 279, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 505, kwa hiyo zinabaki 226. Watu wawili na mavazi ya kinga wakichukua 165, masanduku na vilivyomo yanapata 61. Piga hesabu hiyo kwa kila pikipiki ukitumia namba za kwenye kibao cha fremu. Umbo kubwa lisikudanganye: pikipiki nzito hula sehemu kubwa ya kikomo chake. Ukizidisha, nyuma inazama, taa inamulika juu, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza ukiwa kwenye mwendo. Tairi la nyuma nalo linachemka.

Kisha funga breki abiria akiwa amepanda. Road Glide na FJR zina fimbo za kawaida za mbele zenye springi ndani, hivyo pua inazama na abiria anakuteremkia mgongoni. BMW hutumia Telelever, ambapo mkono na springi yake hubeba mbele badala ya fimbo, na Gold Wing ya kuanzia 2018 ina mikono miwili kama ya gari. Zote mbili huzama kidogo sana. Baada ya saa sita barabarani, mkeo ataiona tofauti hiyo kuliko wewe.

Kwa urefu wako, kiti cha Gold Wing kiko milimita 745 kutoka chini. Cha BMW na cha FJR, vikishushwa, ni 805. Upana wa kiti pia hula miguu, kwa hiyo kaa juu yake ukiwa na buti zako. Gold Wing ni nzito mno kusukuma mlimani, ila injini yake ya silinda sita zilizolala imeshusha uzito chini, na ina gia ya umeme ya kurudi nyuma. FJR, yenye silinda nne zilizosimama na tangi la lita 25, huelemea juu unapoigeuza taratibu.

Mafuta: kutoka ujazo wa tangi toa lita 3 za akiba, gawanya kwa matumizi, zidisha kwa 100. Kwa lita 6 kila kilomita 100, FJR inakupa kama kilomita 367, Gold Wing ya lita 21 inakupa 300.

Matengenezo ndiyo yanayozitenganisha hasa. BMW, Honda na Yamaha zina shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma, hivyo hakuna cheni ya kupaka mafuta kila jioni. Oili ya gia ya nyuma kwenye FJR ni mililita 200 tu. Kagua sili, mpira wa kuzuia oili, pale shafti inapoingia kwenye gurudumu: oili ikivuja hapo, inaweza kufika kwenye tairi. Harley ina mkanda, msafi na mkimya, lakini kokoto moja ikinaswa kati yake na spoketi, gurudumu la meno linaloushika, inaweza kuutoboa.

Vali za FJR hupimwa kila kilomita 42,000, lakini kuzirekebisha kunahitaji kutoa kemshafti, mhimili unaozifungua. Za BMW zinafikika kwa urahisi, maana vichwa vya silinda vimechomoza pembeni. Za Harley hazirekebishwi kabisa, zina vinyanyuzi vya haidroliki vinavyojirekebisha kwa shinikizo la oili. Badala yake una oili tatu, ya injini, ya praimari (sehemu inayounganisha injini na klachi) na ya giaboksi. Joto la silinda ya nyuma utalisikia pajani kwenye foleni.

Tairi nalo ni swali. BMW na FJR hutumia 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote inchi 17, saizi inayopatikana kirahisi. Nyuma ya Gold Wing ni 200/55 inchi 16, ambayo duka lisilo na mteja wake huenda likaiagiza.

Kwa maelezo yako ningechukua BMW. Gold Wing ningeichagua kama abiria ndiye anayetawala uamuzi na njia zenu ni za lami pana. FJR kama bajeti inataka pikipiki iliyotumika yenye shafti.