Lango Linalofunguka Ishara Ikiwa Imeshapita

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma shahada ya umahiri katika fizikia ya nyuklia. Nimeweka chanzo cha sodiamu-22 katikati ya vigunduzi viwili vya iodidi ya sodiamu vinavyotazamana. Kila kigunduzi kikipima peke yake, kilele cha keV 511 (nishati ya miali ya gama inayotoka kwa jozi kwenye chanzo hiki, kila mmoja ukielekea upande wake) kinasimama vizuri, lakini nikitaka matukio yanayoonekana na vyote viwili kwa pamoja, kilele hicho kinashuka na kutanuka. Nimebadilisha volteji bila mafanikio. Je, vigunduzi vimeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, rudisha volteji mahali ilipokuwa, kwa sababu kwa maelezo yako vigunduzi ni vizima na tatizo liko kwenye wakati. Ishara unayopima chaji yake inakwenda moja kwa moja kwenye kigeuzi, kifaa kinachoigeuza chaji kuwa namba, ilhali nakala yake inayofungua lango la kigeuzi hicho, yaani muda ambao kinakusanya chaji, inazungukia diskrimineta (inayochuja ishara ndogo mno), saketi ya sadfa (inayotambua ishara za vigunduzi vyote viwili zikija pamoja) na kifaa cha kutengeneza lango, na kila kituo kinakula nanosekunde kadhaa. Ulipoongeza saketi ya sadfa uliirefusha njia hiyo. Mwanga wa iodidi ya sodiamu hufifia kwa muda bainifu wa takriban nanosekunde 230, hivyo lango likichelewa nanosekunde 100 tu, zaidi ya theluthi ya chaji imeshapotea. Na kwa kuwa kuchelewa huko hakulingani katika kila tukio, kilele kinatanuka pia.

Dawa yake ni kuichelewesha ishara yenyewe. Kebo ya koaksi ya kawaida hula takriban nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo mita 20 zitakupa nanosekunde 100. Hata hivyo, nakusihi usiishie kwenye hesabu. Chomoa kebo zote mbili, ya ishara na ya lango, pale zinapoingia kwenye kigeuzi, uziunganishe na oskiloskopu, kila mlango ukiwa na ukinzani wa omu 50 ili ishara isirudi kama mwangwi, kisha utazame kwa macho yako: mstari wa lango ushuke kwanza, na nanosekunde 20 hivi baadaye ishara nayo ianze kuteremka, ikamalizike ndani ya lango lenye upana wa mikrosekunde 1. Kagua na viungio vyote kwa mkono. Mwaka 2011, watafiti wa jaribio la OPERA huko Gran Sasso, Italia, walipata neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizoonekana kuutangulia mwanga kwa nanosekunde 60, na mwaka uliofuata chanzo kikuu kikabainika kuwa kiungio cha kebo ya nyuzi za mwanga ambacho hakikukazwa sawasawa.

Saketi ya sadfa hutoa ishara pale tu ishara ya kigunduzi cha pili inapofika, na ukiacha kila kigunduzi kiwe cha pili kwa zamu, lango litayumba. Mpe kigunduzi kimoja ishara pana ya nanosekunde 100 na kingine nyembamba ya nanosekunde 20, kisha badilisha ucheleweshaji wa nyembamba kwa hatua za nanosekunde 5, ukihesabu sadfa kwa kila hatua. Mchoro utapanda, utakuwa tambarare, kisha utashuka; simama katikati ya tambarare, ili ishara nyembamba iwe ndiyo inayoamua wakati daima. Usipanue zaidi ya hapo bila sababu: kila kigunduzi kikihesabu matukio 1,000 kwa sekunde, upana huo (100 na 20, jumla nanosekunde 120) unakuletea sadfa za bahati nasibu, yaani za matukio yasiyohusiana, 0.12 kwa sekunde, na zinaongezeka kadiri unavyopanua.

Ukimaliza, pima upya nafasi ya kilele cha keV 511, kwani kebo ndefu huipunguza ishara kidogo.